Rivyu ya mwaka mzima wa fildi kwenye kampuni ya ukaguzi: nyota 4, na ile ya 5 ilikopotelea

Haya jamani, nimemaliza. Miezi 12 ya fildi kwenye kampuni ya ukaguzi wa mahesabu, kati ya mwaka wa pili na mwaka wa mwisho wa digrii ya uhasibu. Kabla sijaanza nilitafuta sana mtu aliyeandika ukweli kuhusu hii kitu nikakosa, wote wanaandika nimejifunza mengi namshukuru Mungu halafu kimya, hayo mengi hawayataji hata moja. Basi naandika mimi. Kampuni siitaji na msihangaike kubahatisha, ila ijulikane siyo moja ya zile nne kubwa (Deloitte, PwC, EY na KPMG), ni ya saizi ya kati, watu wanajuana kwa majina na printa ni moja kwa ghorofa zima.

Naipima kama ningepima bidhaa yoyote maana unailipia. Unatoa mwaka, wale ulioanza nao chuo wanavaa joho wanaondoka, wewe unarudi kukaa darasani na waliokuwa nyuma yako. Hiyo ni gharama kubwa tu, asikudanganye mtu.

Wiki ya kwanza ni mafunzo na nusu yake siyo ya hesabu, ni ya fomu. Fomu ya kutunza siri, fomu ya uhuru wa mkaguzi. Hiyo ya pili nilidhani utani: una hisa kwenye kampuni gani, wazazi wana hisa wapi, nani kwenu anafanya kazi kwa mteja wetu yeyote. Mimi mwanafunzi hisa nizitoe wapi, nikaandika hapana hapana hapana mpaka chini, halafu kwenye orodha ya wateja nikaona jina la kampuni ambayo mjomba wangu yuko kitengo cha fedha. Nikataka nikaushe tu, si hata simu hatupigiani. Nikasema. Hakuna aliyeshtuka, waliniondoa kwenye timu ya huyo mteja na mwaka mzima faili lake likinitokea kwenye mfumo haliniruhusu hata kulifungua. Darasani uhuru wa mkaguzi ilikuwa ni sentensi ya kukariri kwa ajili ya mtihani, pale ilikuwa ni kufuli kabisa.

Kazi ya kwanza niliyopewa ni fedha na benki, intani wengi wanaanzia hapo kwa sababu inaonekana nyepesi: unachukua salio la leja (kitabu cha hesabu cha mteja), unachukua salio la benki, unapitia usuluhisho wa benki alioutengeneza mteja, yaani karatasi inayoeleza kwa nini hayo masalio mawili hayalingani, hundi ambazo bado hazijapita, pesa iliyoingia ambayo haijaandikwa, unatiki unasonga. Halafu kuna barua ya uthibitisho inayoenda benki kuuliza huyu mteja wenu ana salio gani na mnamdai nini. Nikaichapa, mteja akasaini, na kwa kuwa mhasibu wao mmoja alikuwa anaelekea benki mchana huo akasema lete nikupelekee dogo, nikampa, na asante juu.

Sinia wangu (siyo lile la kubebea vikombe, sinia ni yule aliyekutangulia miaka mitatu minne ambaye ndo anaongoza kazi pale kwa mteja) aliposikia hakugomba. Alinyamaza kwanza, afadhali angegomba. Halafu akaniuliza taratibu, "Sasa hilo jibu likija, litakuwa limepita mikononi mwa nani?" Ndo ikanigonga. Barua anaituma mkaguzi, jibu linakuja moja kwa moja kwa mkaguzi, hata anwani ya benki unaihakiki mwenyewe huichukui kwa mteja, kwa sababu unayemkagua akishika hata kipande kimoja cha safari ya ile barua basi hujathibitisha kitu, umepokea tu karatasi. Jioni akanisimulia Wirecard, ile kampuni ya malipo ya Ujerumani: euro bilioni 1.9 zilikuwa vitabuni kwamba ziko benki kule Ufilipino, Juni 2020 benki zenyewe zikasema huyu siyo mteja wetu na hizo nyaraka ni za kughushi, mwezi haukuisha kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Pesa benki! Kitu wanachompa intani wa wiki ya pili! Barua yangu ikachapwa upya na safari hii niliituma mimi nikihema.

Sasa kuhesabu stoo. Hii peke yake naipa nyota 5 na ndo sababu kubwa nasema mwaka ule haukupotea.

Kampuni nyingi mwaka wao wa hesabu unaisha Desemba 31 kwa hiyo wakati watu wanasherehekea wewe umevaa viatu vizito uko ndani ya ghala na ubao wa kuandikia, kalamu na simu yenye chaji. Kumbuka huhesabu wewe, wanaohesabu ni watu wa mteja, wewe unaangalia wanavyohesabu halafu unachagua vitu vyako unahesabu upya kuona kama unapata walichopata wao. Na kuna njia mbili, usipozifanya zote umefanya nusu. Ya kwanza unachukua mstari kwenye orodha unakwenda kuutafuta ghalani, hiyo inakwambia kama kilichoandikwa kipo kweli. Ya pili unaangalia kitu ghalani, hata kile kilichojificha kona, unarudi kukitafuta kwenye orodha, hiyo inakwambia kama kilichopo kimeandikwa. Chuoni nilikuwa nazichanganya hizi mbili kila mtihani. Baada ya kutembea ghalani kutwa nzima kwenda na kurudi miguu imejaa vumbi sijazichanganya tena, mwili umeshika kabla ya kichwa.

Mzee wa stoo alikuwa mcheshi, ametulia, kila rafu anaijua. Orodha inasema katoni 64, zimepangwa vizuri nne kwa nne kwenda juu safu nne, mimi kwa akili yangu ya darasani nikazidisha, 4 mara 4 mara 4, nikaandika 64. Sinia akaja akapanda ngazi, akachungulia kwa juu, akaniita. Katikati kulikuwa na shimo. Safu za nje zimekamilika, ndani tupu kabisa, kama mtu kajenga chumba. Mzee wala hakuwa ameficha, akasema "ah kijana, hizo za katikati tulizitoa wiki iliyopita za haraka, za pembeni zilikuwa zimebanwa", na kweli delivari noti (karatasi ya mzigo uliotoka) ilikuwepo, ila orodha ilikuwa haijapunguzwa. Katoni 48. Tangu siku hiyo rundo lolote nikiliona, hata la vitu visivyonihusu, nachungulia katikati.

Na siyo ushamba, hii fani imeumia sana kwenye stoo. Mwaka 1938 Marekani kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikutwa na bidhaa na wadaiwa waliokuwa kwenye karatasi tu, na hapo ndo ikawa lazima mkaguzi aende kuona stoo kwa macho na kuwauliza wadaiwa mwenyewe, kabla ya hapo kazi ilifanyika mezani. 1963 tena huko huko kukawa na skendo ya mafuta ya saladi, matangi yamejaa maji na mafuta yanaelea juu, mkaguzi anatumbukiza kipimo anaona mafuta anaandika tangi limejaa, na kwa matangi hayo watu walikuwa wameshakopeshwa hela nyingi. Shimo langu la katoni 16 ni ndugu mdogo wa hayo matangi.

Ila na mimi niliharibu hapo hapo. Unatakiwa kabla hujaondoka uandike namba ya delivari noti ya mwisho iliyotoka na namba ya mwisho ya mzigo ulioingia, ili baadaye ukiangalia mauzo ya siku za mwisho wa mwaka ujue lipi ni la mwaka huu na lipi la mwaka unaofuata. Nilipiga picha 41 za rafu, kitabu cha delivari sikukigusa. Mwezi wa pili tunakagua mauzo, ile namba inahitajika, mimi nina picha za rafu. Ikabidi turudi kwa mteja kuomba kitabu ambacho sasa kimeshajaa na kiko stoo ya nyaraka, nusu siku imekwenda. Sinia hakusema kitu ila kwenye orodha ya maandalizi ya mwaka unaofuata ameongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa, na kila mtu anajua ulitokana na nani.

Kazi ya invoisi sitaieleza sana. Unapewa sampuli ya mistari 60 ya gharama, unatafuta invoisi, unaangalia jina ni la mteja, tarehe ni ya mwaka huo, kiasi kinalingana, aliyeidhinisha ana mamlaka, na gharama imewekwa kwenye akaunti inayostahili. Ya kwanza mpaka ya kumi inafurahisha. Ya 40 unaanza kujiuliza maswali kuhusu maisha.

Kitu kimoja tu nitakipa nafasi kwa sababu sijawahi kukisoma mahali nikakielewa mpaka nilipoonyeshwa. Urari wangu mmoja (orodha ya masalio ambayo pande zake mbili lazima zilingane) ulikuwa haulingani, tofauti 1,863. Nimekaa nayo saa nzima natafuta kiasi cha 1,863 kwenye leja, hakipo. Dada mmoja wa meza ya jirani, hata timu yetu siyo, akachungulia akasema "gawanya kwa 9." Nikagawanya, 207 kamili, hakuna masalia. Akasema "umegeuza tarakimu mahali", akaendelea na kazi zake. Ukiandika 5,342 badala ya 3,425, au 81 badala ya 18, tofauti siku zote inagawanyika kwa 9, kwa sababu tarakimu ni zile zile zimehama viti tu. Kwa hiyo tofauti ikigawanyika kwa 9 usitafute kiasi kilichosahaulika, anza na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Namba zenyewe nimeshasahau zilikuwa ngapi, sitaki kuwadanganya, ila niliipata ndani ya dakika kumi. Na ikigawanyika kwa 2, angalia kama nusu yake imeingia upande usio wake. Miaka miwili ya chuo hakuna aliyenidokeza hayo.

Sasa rivyu noti. Ukimaliza karatasi yako ya kazi inapanda kwa sinia, kisha meneja, na wanaandika maswali juu yake yanarudi kwako. Karatasi yangu ya kwanza kabisa ilirudi na noti 23. Karatasi ilikuwa na ukurasa mmoja! Niliandika "kwa mujibu wa mteja, ongezeko limetokana na kupanda kwa mauzo", noti ikauliza: umejuaje? Niliandika "nimeangalia, ziko sawa", noti: umeangalia nini, ngapi, umezichagua vipi, sawa na nini? Niliandika "hakuna tatizo", noti ikawa alama ya kuuliza peke yake, hata neno hakulipoteza.

Niliumia, sitaficha. Ila kiwango cha kimataifa cha nyaraka za ukaguzi, ISA 230, ndo kinataka hivyo: mkaguzi mzoefu ambaye hakuwepo kabisa kwenye kazi akilifungua faili aelewe kilichofanyika, ushahidi uliopatikana na uamuzi uliofikiwa, bila kukupigia simu. Kwa hiyo kila karatasi ina kusudi, ina chanzo cha taarifa, ina kazi iliyofanyika na ina hitimisho, na neno la mteja peke yake bila karatasi nyuma yake ni mwanzo wa kazi, siyo mwisho wake. Kufikia mwezi wa tano noti zilishuka mpaka nne tano. Mwezi wa tisa ilirudi karatasi moja haina noti hata moja, nikaifunga nikaifungua tena kuhakikisha mfumo haujakosea. Hii sehemu ya noti ndo hasa bidhaa unayoinunua, mengine yote unaweza kuyapata kwa njia nyingine, lakini mtu mwenye uzoefu kusoma kila mstari wako na kukuuliza umejuaje kwa mwaka mzima, hiyo chuoni haipo, mwalimu ana wanafunzi mia tatu.

Materialiti, yaani ukubwa wa kosa unaoanza kuwa na maana, nayo ilinichanganya. Unaingia ukidhani odita anatafuta kila kosa. Kumbe mwanzoni kabisa wanapanga kiwango, kwa mfano asilimia 5 ya faida kabla ya kodi ndo wengi huanzia hapo kwa kampuni inayofanya biashara, halafu wanashusha kidogo chini ya hapo kwa ajili ya kazi ya kila siku, na kuna kiwango kidogo zaidi ambacho chini yake tofauti hata hamuijumlishi. Mimi nilikaa siku mbili nawinda tofauti fulani ya uchakavu wa mashine, nikaipata, nikampelekea meneja kama mtu aliyevua papa. Akaiangalia akasema vizuri, sasa hiyo iko chini ya kiwango, siku mbili zako zimegharimu zaidi ya hiyo tofauti. Nikanywea.

Ila wiki tatu baadaye tukakuta malipo madogo sana, madogo kuliko hiyo yangu, yameidhinishwa na mtu mmoja na yamelipwa kwa huyo huyo mtu, na hapo meneja huyo huyo akasimamisha kila kitu. Nikasema mbona ni dogo? Akasema udogo wa hela siyo udogo wa jambo, nani kafanya na kwa nini vina uzito wao. Hii mpaka leo naiona ndo sehemu ngumu kuliko zote kwenye hii fani na mwaka mmoja hautoshi kuishika, unaishia kuona tu kwamba ipo.

Wateja sasa. Hapa chuo hakikuandai kabisa. Kuna mhasibu mmoja mama wa makamo, ofisi yake ina mafaili mpaka chini ya meza, sisi tumewekwa chumba cha pili. Mimi kila swali likinijia nanyanyuka, shikamoo mama, samahani mama, naomba vocha hii ya malipo, narudi, dakika kumi nimesimama tena mlangoni. Mchana akavua miwani akaniangalia. "Mwanangu, tangu asubuhi umekuja mara tisa, nimehesabu. Na mimi nafunga mwezi hapa. Nenda kaandike maombi yako yote kwenye karatasi moja, uniletee saa nane." Nilitamani sakafu ifunguke. Nikaandika, yalikuwa 14, na wakati naandika nikagundua matano majibu yake yalikuwa kwenye faili la mwaka jana. Saa nane alinipa yote tisa kwa dakika ishirini na akanieleza mawili ambayo sikuuliza. Watu wanasema wahasibu wa wateja wanaficha vitu, wapo, nilikutana na mmoja kila tukifika anakuwa "kwenye kikao", lakini wengi wamechoka tu kuulizwa vibaya.

Mtu ataniuliza teknolojia vipi, si kompyuta inafanya yote. Inafanya mengi kweli. Leja nzima ya mwaka inaingizwa kwenye programu na unachuja maingizo ya jenali (yanayoandikwa moja kwa moja vitabuni) yenye dalili za ajabu: yaliyoandikwa usiku wa manane, siku za mapumziko, namba za duara zenye sifuri nyingi, yaliyoingizwa na mtu ambaye kwa kawaida haingizi. Siyo hiari, wakaguzi wanatakiwa kupima jenali kwa sababu ya hatari ya viongozi kupindisha mfumo wao wenyewe. Mimi nikaambulia ingizo moja Jumapili saa nane usiku, kubwa, la duara, maelezo matupu. Moyo ukaenda mbio, nikajiona tayari niko mahakamani natoa ushahidi. Jumatatu tukauliza: ni gharama limbikizi (ya mwezi husika ambayo bado haijalipwa), mfumo wenyewe unaipiga kila mwisho wa mwezi muda huo kwa sababu seva haina watu. Nikaomba mipangilio ya mfumo nikaiona, nikaandika, nikafunga. Eksel ndo utakayoishi nayo lakini, kama VLOOKUP na pivoti bado zinakutoa jasho kazinoe kabla hujaripoti, hakuna atakayekufundisha hizo, wanaona kama kusoma saa.

Sasa ile nyota moja.

Msimu wa pilikapilika, miezi mitatu minne baada ya mwaka wa hesabu kuisha, ni mrefu na unachosha, hilo niliambiwa na nililikubali. Ambalo sikuambiwa ni taimshiti, ile fomu unayojaza masaa uliyotumia kwa kila kazi. Kila kazi ina bajeti ya masaa. Stoo masaa 16, benki masaa 6. Ukifanya benki kwa masaa 11 kwa sababu ni mgeni, hayo 5 ya ziada yanaonekana kwenye ripoti ya sinia wako. Hakuna aliyeniambia nisiyaandike. Narudia, hakuna. Ila nikiyaandika kunakuwa na kale kakimya, na "hii benki ilikuwa na shida gani?", na ukiangalia wenzako wote wanaandika 6, ndani ya mwezi umeshajua la kufanya, na wewe unaandika 6. Wanaita kula masaa. Nimekula mengi. Na ujinga wake ni kwamba mwaka unaofuata bajeti inapangwa kwa kuangalia mwaka huu, inaonekana benki ilichukua 6, wanampa intani mpya 6, naye anakula yake, mduara haukatiki. Watu ambao kazi yao ni kupima kama rekodi za wengine ni za kweli! Sikuwa na ujasiri wa kulisema nikiwa ndani, nililisema kwenye mahojiano ya kuondoka, yule dada wa rasilimali watu akaandika, akatabasamu, sijui liliishia wapi.

Na miezi ya ukavu baada ya msimu nayo hawaitangazi. Wiki saba nzima nilikuwa sina timu, naskani mafaili ya zamani, napanga kabati, siku moja nilitumwa kuhesabu viti vya mkutano nikavihesabu mara mbili kwa mazoea. Mwenzangu aliyekuwa kwenye kampuni nyingine alihamishwa kwenda kitengo cha kodi kipindi hicho akapata kitu kipya. Hili uliza kwenye intavyu kabla hujasaini: msimu ukiisha intani anafanya nini? Wakijibu "kazi zipo tu", ujue kabati linakusubiri.

Kuhusu mitihani ya taaluma. Kama unaifuata ACCA, ile sifa ya kimataifa ya wahasibu, ni mitihani 13 (digrii ya uhasibu inaweza kukuondolea hadi 9 kutegemea chuo) na miezi 36 ya uzoefu wa kazi, na miezi yako ya fildi inaweza kuhesabiwa humo, lakini haihesabiwi kwa kuwa ulikuwepo, unaandika ulichofanya kulingana na malengo yao na msimamizi anasaini. Mimi niliahirisha mpaka mwezi wa kumi, msimamizi wangu wa mwanzo alikuwa ameshahama kampuni, nikawa namfuata kwenye simu kama mtu anayedai. Andika kila mwezi. Jina la klaenti usiliweke, siri bado ni siri.

Nani nimshauri? Kama unafikiria ukaguzi, nenda macho yamefumba. Kama unataka uhasibu wa ndani ya kampuni, nenda pia, utaona vitabu vya watu kumi badala ya kimoja. Kama umechagua uhasibu kwa kuwa alama ziliangukia hapo na hupendi, utateseka, invoisi ya 40 haina huruma. Na chagua timu kuliko chagua jina, mwenzangu alikwenda kwenye jina kubwa akapata sinia asiye na muda, noti zake zilirudi zimeshasahihishwa na sinia mwenyewe kwa haraka, hajui mpaka leo alikosea nini.

Nimerudi chuo wiki iliyopita. Somo la ukaguzi mwalimu alikuwa anaeleza uthibitisho wa benki, akauliza kwa nini mteja asipeleke barua mwenyewe, darasa kimya, mimi nikaangalia chini nikacheka peke yangu kama kichaa.

Kikokotoo changu nimekisahau kwa yule mama, tulirudi kwake mwezi wa mwisho kwa kazi za awali. Nimemwandikia ujumbe kuomba nipitie nikichukue. Amejibu: andika maombi yako yote kwenye karatasi moja, uje saa nane.